Mbavu Mbili za Nyumba ya Shurie

Hebu mwone kwanza anavyofika, ndipo nikueleze habari zake. Lori la mifugo linaingia Garissa kwa barabara ya Wajir, vumbi limelitangulia. Ndani wamo mbuzi. Juu ya vyuma, pale wanapokaa abiria waliokosa basi, amekaa mwanamke mrefu mwenye jilbabu ya rangi ya kahawa. Mkono mmoja ameshika chuma asianguke. Mkono wa pili amekumbatia mzigo mrefu kuliko yeye mwenyewe: fito zilizopinda, nyeusi kwa moshi, zimefungwa pamoja kwa kamba ya ngozi ya ngamia. Ukimwona kwa mbali utadhani amebeba kifua cha mnyama mkubwa, nyama imekwisha, zimebaki mbavu.

Huyo ndiye Barwaqo. Lori liliposimama sokoni wapagazi walimchezea, wakamwuliza amemla nani akasaza mifupa. Akawajibu kwamba amemla mpagazi wa Wajir aliyekuwa na maneno mengi. Wakacheka, wakataka kumbebea. Hakukubali mtu auguse ule mzigo.

Nao ulikuwa mzigo wa kukumbatiwa kweli. Kwetu huku nyumba ya mfugaji, ile tunayoiita aqal, ni ya mwanamke. Mume ana ngamia wake, mke ana nyumba yake. Na wakihama, nyumba inafunguliwa, inapanda mgongoni mwa ngamia, inashuka mahali pengine. Mikeka huchakaa, ikasukwa mingine. Ngozi hukauka, zikatafutwa nyingine. Lakini zile fito zinazobeba nyumba hukaa umri wa watu wawili au watatu. Ni mizizi ya mgunga, iliyochimbuliwa mbichi, ikakunjwa juu ya moto, ikafungwa kamba mpaka ikakauka na mkunjo wake. Mimi nitaziita mbavu, maana ndivyo zilivyo.

Mbavu zile zilikuwa za Shurie, mama yake Barwaqo, naye alizipata kwa mama yake. Shurie alihama nazo pande za Buna mpaka ukame ulipommalizia ngamia, na macho yake yakaanza kufunikwa na ukungu. Akaenda kukaa Balambala kwa mwanawe Diriye, katika nyumba ya mabati. Siku ya kuagana, ndiyo siku ya lile lori, alimkabidhi Barwaqo mzigo na kumwambia neno moja tu: hizi si kuni, hizi ni za Ruweyda siku atakapoolewa. Ruweyda ni binti wa Barwaqo. Wakati ule alikuwa bado anakimbizana na wenzake shuleni.

Sasa nikwambie Barwaqo alifanya kazi gani mjini. Alitengeneza viti. Alisomea useremala katika chuo cha ufundi, mwanamke peke yake katika darasa la wanaume, akafungua banda uani kwake, jirani na Kalicha, Mborana mmoja mchomelea vyuma, mtu wa mzaha mwingi na mikono mikubwa. Mji wetu unapenda kukaa chini, juu ya magodoro ya sebuleni yenye mito ya dhahabu, na anayetaka kiti hununua kinachokuja kwenye kontena. Barwaqo hakukata tamaa. Aliupenda mti usiopendwa na mtu, mathenge, ule ulioziba njia za mbuzi kando ya Tana na kuwachoma watu miiba. Alisema adui akikujia kila siku, mkalishe umkalie.

Jioni alitazama simu. Aliwaona mabingwa wa viti wa Ulaya, akawasoma kama mtu anayesoma majirani. Alimpenda Thonet, Mjerumani aliyeutia mti kwenye mvuke ukalegea, akaukunja kuwa kiti. Alimpenda Breuer, Mhungari aliyetazama usukani wa baiskeli, akaona kwamba bomba la chuma laweza kumbeba mtu. Alimpenda Aalto wa Ufini, aliyekunja mbao za miti ya nchi yake ya baridi badala ya kufuata chuma. Alimwonyesha Kalicha picha zao na kumwambia kwamba kila mmoja alianza na kitu kilichokuwa mlangoni kwake. Kalicha akatazama mlangoni kwake, akaona kondoo wa jirani anakula karatasi, akasema basi yeye atatengeneza kiti cha kondoo.

Ndipo akaja Salah. Salah alikuwa anajenga nyumba ya wageni, na pale wanapopokelewa wageni alitaka kiti kimoja tu, kiti cha huku, ambacho mtu akishuka kutoka Nairobi akikiona atajua amefika. Barwaqo akakubali kabla hajamaliza kusema.

Alikunja mathenge. Ikapasuka. Akakunja nyingine, ikakubali, kesho yake asubuhi akaikuta imejinyoosha. Mathenge ina mafundo, na kila fundo lina nia yake. Na wakati wote huo, ukutani nyuma yake, zilining'inia mbavu za Shurie, na mkunjo ule alioutafuta ulikuwa umetulia mle tangu kabla yeye hajazaliwa.

Usimhukumu bado. Ruweyda alikuwa ameposwa, na alikuwa amekwisha kusema anataka harusi ya ukumbini, viti vyeupe na maua ya plastiki. Aqal ya nini, alimwuliza mama yake, nimchunge nani ndani yake? Barwaqo akajiambia kwamba nyumba ile haitasimama tena duniani. Akashusha mbavu mbili ndefu, zile za katikati. Akachukua msumeno.

Msumeno ulipoingia, harufu ikatoka. Moshi, samli, maziwa ya ngamia yaliyofukizwa, nywele za mama yake. Barwaqo aliniambia kwamba aligeuka kutazama nyuma, kwa maana alihisi mtu amesimama. Hapakuwa na mtu. Akamaliza kukata haraka, kama mwizi anayetaka kutoka.

Kiti kilitoka kizuri kuliko yeye alivyotarajia. Mbavu mbili zilipanda kutoka ardhini, zikapita mgongoni na kushuka upande wa pili, na katikati alisuka mishipi ya ngozi ya ngamia. Miguu ya mbele alitia ya mathenge. Ukikaa, mkunjo unakupokea kama mkono wa mtu anayekujua. Salah alikiona akanyamaza, na Salah si mtu wa kunyamaza. Akasema atakuja kukichukua nyumba yake ikishapakwa rangi.

Kabla rangi haijakauka, simu ikalia. Alikuwa Shurie. Sauti yake ilikuwa ya furaha, furaha ambayo Barwaqo hakuisikia tangu Buna. Alisema Ruweyda mwenyewe ndiye aliyempigia. Wasichana wenzake siku hizi wanasimamisha aqal kwenye harusi, wanapigwa picha mlangoni, na bibi wa bwana harusi naye ametaka. Kwa hiyo yeye Shurie anakuja, atasimamisha nyumba yake kwa mikono yake, na Barwaqo ahakikishe mchwa hawajaingia kwenye mbavu.

Barwaqo alisema ndiyo, hooyo, yaani mama. Kisha akakaa juu ya vumbi la mbao.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwake. Akisikia pikipiki inasimama nje, anaweka randa chini. Akiona mwanamke mzee ana mkongojo barabarani, anajificha nyuma ya mlango wa banda lake mwenyewe. Angeweza kusema. Simu ilikuwa mkononi. Mara ngapi aliiinua akaiweka. Maana angesema nini? Kwamba zile ulizoniambia si kuni, nimezipiga msumeno?

Akaenda kwa Kalicha, akamwomba akunje bomba la chuma mfano wa ubavu, kisha yeye mwenyewe alivike ngozi. Kalicha alilikunja vizuri sana. Barwaqo akalizungushia ngozi, akalipaka masizi. Kalicha akalishika, akatikisa kichwa.

"Hii bomba haina roho," akasema. "Mama yako haoni, anasoma na mkono. Ataisalimia, haitaitika."

Alisema kweli. Lilikuwa zito na la baridi. Likatupwa.

Akarudi kwenye mathenge. Alitafuta matawi marefu yaliyonyooka, akayatia ndani ya bomba kuukuu la maji, akachemsha maji chini yake mpaka mvuke ukatoka pande zote mbili kama alivyofanya yule Mjerumani. Mengi yalipasuka. Mawili yalikubali. Akayafunga kamba yakauke, lakini siku hazikumngoja. Akayafungua mapema, akayasugua kwa masizi na samli, akayafukiza moshi. Kwa macho hata wewe ungedanganyika. Alipofungua kamba, moja lilitetemeka mkononi mwake, tetemeko dogo la mnyama aliyefungwa. Kalicha aliliona.

"Barwaqo, huu mti umelazimishwa. Mti ikilazimishwa inanyamaza tu, inangoja wewe ulale."

Safari hii hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Barwaqo zaidi.

Akampigia Salah, akamsihi aje achukue kiti mapema awezavyo, hata kama rangi haijakauka; Salah akasema gari atalipata alasiri ya siku ileile ya kusimamisha nyumba. Alitaka kiondoke kabla mkongojo wa mama yake haujagonga mlango wa banda. Kisha akakifunika kwa turubai, na juu ya turubai akarundika magunia.

Shurie akaja. Alikuwa amekonda, macho yake meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji, lakini aliposhuka kwenye gari aliuliza kwanza habari za mbavu, ndipo akauliza za watu. Asubuhi yake, uani kwa Barwaqo, wanawake wa ukoo wakakusanyika. Wakaleta mikeka na ngozi, wakaanza kuimba. Mbavu zikalazwa chini kwa safu. Shurie akapiga magoti na kuanza kuzipitia kwa mkono, moja baada ya moja, akizisimulia. Hii ilipigwa teke na ngamia, hapa. Hii nilijifungulia chini yake. Hii ilistahimili ile mvua kubwa.

Barwaqo alisimama nyuma yake. Mkono ule wa mifupa ulikuwa unasogea kuelekea katikati.

Mkono ukafika kwenye mathenge. Ukasimama.

Shurie alipitisha kidole kwenye fundo, akarudi, akapitisha tena. Akainua vidole puani. Kisha mkono ukaenda kwenye ubavu wa pili wa uongo, ukakaa pale kidogo tu, ukaendelea mbele. Masimulizi yalikuwa yamekwisha. Alimaliza safu, akaomba maji ya kunywa.

"Barwaqo, niletee maji," ndivyo alivyosema.

Jambo hili ulielewe. Kwetu mtoto humwita mama yake hooyo, na mama naye kwa mapenzi humrudishia mwanawe jina hilohilo, hooyo. Katika maisha yake yote Barwaqo hakuwahi kuitwa kwa jina na mama yake ila kwa kosa. Akaenda kuyaleta yale maji.

Nyumba ikasimama. Mbavu zikachimbiwa, zikafungwa juu kwa kamba, mikeka ikapanda, ngozi zikafuata. Kila mkeka uliowekwa, Barwaqo aliuhesabu kama jiwe juu ya kifua chake. Zile mbili za mathenge zilikuwa katikati, mahali penye uzito wote. Wanawake wakaingia kukaa kivulini. Ruweyda akaingia na hina yake mbichi, na watoto wa ndugu zake wakaingia nyuma yake. Shurie akaongozwa ndani. Walimtandikia karibu na mlango, penye hewa. Akakataa. Akapapasa mpaka katikati, akakaa, mgongo wake akauegemeza hasa kwenye ule ubavu wa kwanza wa uongo.

Barwaqo alibaki nje akijifanya anakaza kamba. Hapo ndipo aliposikia. Kak. Sauti ndogo, ya mtu anayevunja kijiti cha kuchokolea meno. Alitazama huku na huku, hakuna aliyegeuka. Ndani waliendelea kuimba.

Jua likapanda. Upepo wa mchana ukaamka kutoka upande wa mto, ukaingia chini ya mikeka, nyumba ikavuta pumzi. Kak. Akaweka kiganja juu ya mkeka, na chini ya mkeka akausikia mti unasukuma, unataka kurudi kwenye unyoofu wake. Ndani mtoto mmoja alicheka. Barwaqo aliniambia kwamba wakati ule alikuwa na hofu mbili, na aliogopa kuipima ipi kubwa: nyumba kuwaangukia, au mama yake kujua. Akipiga kelele watatoka salama, na jina lake litakuwa yule aliyekata nyumba ya mama yake. Akinyamaza, huenda upepo ukatulia. Huenda. Akasimama na lile huenda, kiganja juu ya mkeka, mpaka aliposikia sauti ya tatu, na hiyo haikuwa ndogo.

Akainama, akaingia. Macho yake hayakuona kitu kwa ule mwanga wa nje. Akasema watu wote watoke, watoe watoto kwanza. Kwa sauti yake hakuna aliyeuliza kwa nini. Wakatoka wakikanyagana. Shurie peke yake hakusogea.

"Hooyo, toka hapo," Barwaqo akasema. "Huo ubavu si wako. Nilikata mbili zako nikatengeneza kiti. Huo nimeukunja kwa mvuke na utavunjika."

"Najua," Shurie akasema. "Nilipoushika ulikuwa unatetemeka. Nyumba yangu haitetemeki."

"Kwa nini basi umekaa chini yake?"

"Ili uniangukie mimi, usimwangukie mtoto. Na nilikuwa nakungoja wewe, hooyo."

Barwaqo akamshika kwapani, akamwinua, akamtoa. Walikuwa hawajafika kwenye kivuli cha ukuta ubavu ulipofunguka. Ulipasua mkeka, ukajinyoosha kwa mlio wa mjeledi, na ncha yake iliyovunjika ikachoma ardhi pale alipokuwa amekaa yule mzee. Ule wa pili ukaufuata. Nyumba ikalala ubavu taratibu, vumbi likapanda, na wanawake wakasimama wameshika vinywa. Ruweyda alilia. Barwaqo hakulia. Alikuwa bado ameshika mkono wa mama yake, na hakujua nani kati yao anayemshikilia mwenzake asianguke.

Vumbi lilipotua, Shurie akaomba apelekwe kwenye kiti.

Barwaqo akampeleka bandani, hatua chache tu, akaondoa magunia, akavuta turubai. Shurie akaweka mkono juu ya mbavu zake, akazifuata kutoka mguuni, zikapanda, zikapita mgongoni, zikashuka. Pale penye mkato wa msumeno alikaa na kidole chake muda mrefu, na Barwaqo akatamani ardhi imfunike. Kisha mzee akageuka, akapapasa mishipi ya ngozi, akakaa.

Hakusifu wala hakulaumu. Alisema kwamba ule wa kulia ulikunjwa na mama yake mwaka wa njaa, na kwamba hakujua kama ungeweza kumbeba mtu namna hii. Baadaye, akiwa bado amekaa, akawaambia wale wanawake waanze tena. Nyumba itapunguzwa. Pale Buna mbavu zilivunjika kila mwaka, ngamia anaanguka nazo, mafuriko yanazichukua, na hakuna mwanamke aliyewahi kulala nje kwa sababu hiyo. Unasogeza zilizobaki, unafunga, unakaa na nyumba ndogo. Nyumba yake ilikuwa imepunguzwa mara nyingi kabla haijafika mkononi mwa Barwaqo.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Uliniogopa mimi kuliko ulivyouogopa ule mti."

Wakaisimamisha upya, mizizi ya mgunga peke yake. Ikawa ndogo kweli, ya bibi na mjukuu na mgeni mmoja. Upepo ukaja ukaisukuma, isiseme neno.

Ruweyda akasimama mlangoni mwa ile nyumba, akaitazama, akamtazama bibi yake kwenye kiti, akasema ayeeyo, yaani bibi, kiti hiki kingekaa vizuri hapa ndani, mbavu zote zingekuwa chini ya paa moja. Barwaqo alipomwuliza afanyeje, mama yake alisema alimpa zile mbavu, na mtu hurudi kuomba alichoazimisha, harudi kuomba alichotoa. Akafumba macho yake meupe, mikono yake imelala juu ya mkunjo, kama mtu aliyefika kwake.

Wakati huohuo geti likagongwa. Alikuwa Salah, na gari la mizigo, na vijana wawili, na blanketi la kukifungia kiti kisikwaruzike. Alikuja kwa sababu aliitwa. Barwaqo alikuwa amempa neno lake, na kwake huyo ndiye mtu wa kwanza mjini aliyeona kwamba mti wa huku na ngozi ya huku vinaweza kusimama mbele ya wageni bila haya. Ukutani mwa banda hapakuwa na mkunjo mwingine kama ule, wala mvuke wake haujui kuutengeneza. Salah akagonga tena, akaita jina lake kwa upole.

Barwaqo amesimama katikati ya ua. Hofu ileile imerudi, ila safari hii hakuna kitu kinachovunjika ili kimsaidie kuamua. Upande huu mama yake amelala kwenye kiti. Upande ule komeo la geti. Wewe uliyeketi unanisoma, niambie, ungelifungua?